Jina la Muosha Maiti

Mavra alikwisha kuzika mabinti watatu, na huyu wa nne alikuwa anahema kwa taabu. Kijijini kwao, watoto wakifululiza kufa, baba hutoka alfajiri, na mwanamke wa kwanza kukutana naye ndiye humsimamia mtoto ubatizo na kumpa jina lake. Yefim, mumewe, alirudi na Bi Zoya, muosha maiti.

“Mwanamume wewe, umekosa mwingine?” Mavra alifoka. “Huyu kila akiingia humu huuliza maji yako wapi!”

“Mila haichagui, mke wangu.”

“Zoya maana yake uhai,” bibi akasema taratibu. “Baba yangu aliniokotea jina hilo njiani. Ndugu zangu watano walizikwa kabla sijazaliwa.”

Mavra akamkabidhi mtoto.

“Haya, mpe. Ila leo, nakusihi bibi, usiniulize maji.”