Mia Nipote

Harufu ya kahawa inayoungulia jikoni hunirudisha Doha, kwenye fleti ya Bi Carla, ajuza wa Kiitaliano ambaye mama yangu alikuwa akimpikia kule mtaa wa Al Sadd. Nilikuwa na miaka saba. Siku hiyo mama, mwenye mimba kubwa, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Baba, aliyekuwa dereva, alikuja mbio akamkimbiza hospitali, nami nikaachwa kwa Bi Carla. Hakuna aliyenieleza kitu. Kwetu Tanga mtoto haulizi mambo ya uzazi. Basi sikuuliza, lakini makalio hayakutulia kitini.

Mchana tulishuka dukani. Kwa muuzaji, kwa jirani kwenye lifti, Bi Carla alinishika bega akasema, "Mia nipote." Mia niliijua kwenye hesabu. Lakini hilo la pili, jamani, nililisikia wazi: nipotee! Mama kaondoka, na huyu bibi anawatangazia watu kwamba nipotee.

Aliposinzia, nilifungua mlango nikashuka kumtafuta mama. Lami ilichoma hadi ndani ya kandambili. Mlinzi wa jengo, Mkenya wa Malindi, akanidaka getini.

"Weye mtoto, wenda wapi na jua hili?"

"Kwa mama. Bibi anataka nipotee, mjomba."

Mara Bi Carla akatokea nyuma yetu, kiatu mguu mmoja, analia. Mlinzi, ambaye kwao aliwahi kufanya kazi kwa Waitaliano, alizungumza naye kidogo, kisha akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Nipote, si nipotee! Mia ni wangu, nipote ni mjukuu. Au mpwa, mtoto wa ndugu. Kwao neno ni hilo hilo."

"Sasa mimi ni yupi?" Maana kwetu bibi unamtania, shangazi unamheshimu, nilitaka kujua mapema.

Mlinzi akamuuliza. Bi Carla alifuta macho, akanikamata mkono mpaka vidole vikauma.

Jioni baba alirudi: mama mzima, mtoto wa kiume kawekwa kwenye mashine ya joto. Leo ananizidi kimo.

Nilishakuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba Bi Carla hakuzaa, wala hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Neno lile lina maana mbili, naye hakuwa na wa kumwita kwa hata moja. Mchana ule nilikaa roho juu nikidhani ananifukuza, kumbe alikuwa akijivunia mimi, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.