Uzio wa Shikimi

Nyumba ya Tomiyo ndiyo ya mwisho kabisa juu kijijini, pale barabara inapokata tamaa na kugeuka njia ya miguu. Aliingia humo akiwa bibi harusi kutoka pwani, kwao wanaanika samaki, na siku ya kwanza mama mkwe wake, Kinu, alimkabidhi mkasi wa kupogolea hata kabla ya kumkaribisha chai. Kinu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpeleka nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha mierezi, akamwonyesha miti ya sakaki, akamwambia kwamba mume anaweza kumzoea polepole, lakini miti hii aizoee leo.

Sakaki ni mti wa miungu, na nyumba ile iliishi kwa mti huo. Kila nyumba kijijini iliweka matawi yake kwenye rafu ya miungu, mabichi kila tarehe mosi na kila tarehe kumi na tano, na tawi kubwa la sikukuu ya vuli lilitoka bustani ile na si kwingine. Kinu alimfundisha mkwewe kila kitu: jani la sakaki ni laini ukingoni, halina meno, chipukizi la nchani limejikunja kama ukucha wa paka. Mti wenyewe unapenda kivuli na udongo wenye unyevu, jua la alasiri linauunguza. Haukui haraka, kwa hiyo hukati kwa uchu. Na jani lenye masizi meusi humpi mungu, hata kama ameshiba.

Kuhusu shikimi, Kinu alimfundisha jambo moja tu, kwamba isikaribie nyumba. Shikimi nayo ni kijani mwaka mzima, nayo inapenda kivuli, na mgeni akiitazama kwa mbali anaweza kudhani ni ndugu wa sakaki. Lakini hiyo ni ya wafu. Inaota makaburini, inawekwa mbele ya picha za marehemu, majani yake makavu yanasagwa kuwa ubani. Ina sumu toka mzizi mpaka tunda, na harufu yake ukiinusa tu unakumbuka mazishi. Mtu mwenye akili zake hapandi shikimi uani.

Tomiyo aliipanda.

Hakuamka asubuhi moja akaamua kuwaudhi watu, ingawa wapo walioapa hivyo. Mumewe Sadao alikuwa ameshaangukiwa na mwerezi na kuzikwa, na Tomiyo alibaki na Kinu mzee na bustani. Kisha kulungu walianza kushuka. Zamani walikaa mbali, lakini vijana waliokuwa wakiwinda wamehamia mijini, na kulungu si wajinga, wanajua nyumba zipi zimebaki na bibi vizee. Majira yale ya baridi walitafuna sakaki mpaka magome. Tomiyo alifunga nyavu, theluji ikaziangusha. Alining'iniza makopo, kulungu wakayazoea kama muziki wa karamu. Alisimama katikati ya visiki vyake akalia kwa hasira, maana miti ile aliitunza tangu ujana wake na sasa ilikuwa imebaki vijiti.

Kisha akapanda makaburini kumsalimia Sadao, akaona. Kila kitu kule kilikuwa kimeliwa, hata maua ya plastiki yalikuwa yameonjwa. Shikimi peke yake ilisimama, kijani, haikuguswa hata jani. Tomiyo aliitazama muda mrefu. Halafu akamwambia mumewe kwenye jiwe lake kwamba atachukua kidogo.

Mvua za masika zilipoanza alichimba miche iliyomfika kifuani, kila mmoja na bonge la udongo wake, akaishusha kwa toroli mmoja baada ya mwingine. Aliipanda karibu karibu kuizunguka bustani, na mapengo akayaziba kwa mianzi. Shikimi, aligundua, haina deko la sakaki. Inakubali udongo wa mawe, inavumilia mkasi, ukiikata inachipua kwa ubishi. Kulungu walikuja, wakanusa, wakageuza mikia. Mmoja tu aliwahi kuingia, siku Tomiyo aliposahau lango wazi, naye alifukuzwa kwa ufagio mpaka mtoni. Ndani ya uzio, visiki vya sakaki vikaanza kutoa machipukizi yaliyojikunja kama kucha za paka.

Kijiji kilinong'ona. Watu waliopita walitembea upande wa pili wa njia. Kinu mwenyewe aliutazama uzio ule kutoka barazani kwake, akanywa chai yake, akaingia ndani. Tomiyo hakujua kama ni ruhusa au ni laana, na hakuthubutu kuuliza.

Mambo yaliharibika mwaka wa tatu, Kinu alipoanguka jikoni na kuwa mtu wa kitandani. Hapo ndipo alipopanda Iwao, mdogo wake Sadao, ambaye ndiye msimamizi wa hekalu la kijiji. Iwao ana kijumba kizuri chini karibu na daraja na anampenda mama yake kwa sauti kubwa, hasa mbele za watu. Kumsafisha hajawahi. Alisimama nje ya lango, hakutaka hata kupita kati ya shikimi.

"Shemeji, umemzungushia mama makaburi," alisema. "Amelala pale anatazama miti ya wafu asubuhi mpaka jioni. Ungekuwa wewe ungepona?"

"Mama ana miaka tisini na moja na aliteleza kwenye maji ya mboga. Shikimi ilimsukuma saa ngapi?"

Iwao alisema wazee wamekaa. Uzio usipong'olewa kabla ya vuli, hekalu halitapokea tawi la nyumba ile. Sakaki iliyokua mikononi mwa shikimi ina najisi, na mungu hawezi kupelekewa kitu hicho.

"Bila huo uzio hakuna sakaki. Utampelekea mungu kinyesi cha kulungu?"

"Basi na mama akifa, shemeji, kijiji kizima kitajua ni mkono wa nani."

Maneno hayo yalimchoma. Tomiyo alirudi ndani, akakaa na kibuyu cha maji ya moto mapajani, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Akiung'oa, kulungu watamaliza kila kitu kabla theluji haijayeyuka. Akiuacha, atakuwa mwanamke aliyemuua mama mkwe wake, na ataambiwa hivyo mpaka azikwe. Usiku huo hakulala, na asubuhi akachukua jembe, akaenda akasimama mbele ya uzio. Kisha akalitumia jembe kupalilia.

Vuli ilipofika hekalu lilinunua tawi mjini, limefungwa kwa mpira na kuvishwa nailoni kama kichwa cha kabichi. Tomiyo alikata lake vilevile, tawi refu kuliko yeye, akalitwika begani, akashuka nalo mchana kweupe kupita nyumba zote. Iwao alimzuia kwenye lango la mawe. Tomiyo hakubishana. Aliliegemeza tawi pale langoni, akainamia hekalu kwa adabu zote, akapanda zake.

Sasa Iwao akawa na kazi. Kuliingiza, hataki. Kulitupa, nani atathubutu kutupa sakaki langoni kwa mungu? Likakaa hapo siku zote za sikukuu, kila aliyeingia akilikwepa kwa bega, likang'aa, huku lile la mjini likidondosha majani juu ya sake, pombe ya mchele ya mungu. Watu walicheka chinichini. Iwao hakucheka.

Kinu alisimuliwa habari hiyo akilishwa uji, na uji ulimpalia kwa kicheko. Alipopata pumzi aliomba shuka lisogezwe na dirisha lifunguliwe wazi zaidi.

"Mama, nimekuwa nikitaka kukuuliza," Tomiyo alisema. "Uzio unakusumbua?"

"Unanisumbua nini? Nimekaa nyumba hii miaka yote nikiwakatia watu sakaki. Mti wangu mimi wa kufia watanikatia wapi, dukani?" Kizee kiligeuza uso kuelekea dirishani. "Uache. Ukinitolea ile miti, nitaamka nikuchape."

Alifariki katikati ya majira ya baridi, asubuhi, theluji imeziba barabara mpaka darajani. Iwao alipanda kwa miguu, amelowa mpaka magotini, akapita kati ya shikimi bila kuziona. Mtoto wa kiume ndiye anayemlowesha mama midomo kwa maji ya mwisho, na maji hayo huchovywa kwa jani la shikimi. Alipiga magoti kando ya mama yake, bakuli la maji tayari, akatazama mikono yake mitupu. Makaburini hakufikiki. Mjini hakufikiki. Akamwinulia shemejiye macho.

Tomiyo alinyoosha mkono kwenye msumari ukutani. Alimpa mkasi.

Iwao alitoka barazani. Kupitia dirishani Tomiyo alimwona amesimama mbele ya uzio, theluji mabegani, hajui aanzie wapi, mpaka akakata kijitawi kidogo kwa uangalifu, akakikung'uta. Akarudi, akachuma jani, akamlowesha mama yake midomo, na hapo alilia kweli, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuisikia. Tomiyo naye alilia, kwa sababu alimpenda yule kizee.

Baadaye walikaa jikoni, chai ikipoa kati yao. Iwao aliuzungusha mkasi mezani, kisha akausogeza upande wa Tomiyo.

"Shemeji," alisema, "uzio ule ubaki tu."

Tomiyo alichukua mkasi, akaufuta utomvu kwa aproni, akautundika kwenye msumari wake.

"Sikuwa nimeomba ruhusa," alisema, akammiminia chai ya moto.