Bingwa wa Miaka ya Mchele wa Kadi

Kila Ijumaa baada ya sala, majlisi ya nyumba yetu hapa Ibra, ng'ambo ya bahari, hujaa wazee waliohama Unguja wanaobishana nani alikuwa bingwa wa sataranji huko wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vita vyenyewe viliwakuta watoto wadogo. Sasa wana magoti mabovu na vifaa masikioni, na bado hawajaafikiana nani wa kwanza na nani wa pili. Hata mashindano wameyapa daraja: ya Idi mjini ndiyo makubwa, ya shamba wanayahesabu nusu, ya barazani ni ya kupoteza wakati tu. Mimi nimestaafu ualimu, na kazi yangu sasa ni kuwapikia kahawa na kuwakatia halua. Sikufichi, nimechoka nao.

Baba yangu alitaka kitu kimoja tu: marehemu babu awe wa kwanza. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari hakutupa maneno matamu, na hilo ndilo alilotaka lipatikane kabla hajaondoka. Kikwazo kilikuwa sharti lao. Mchezaji hapewi daraja mpaka ashuhudiwe na mtu aliyemwona kwa macho yake, na mtoto hamshuhudii mzazi wake, kama kwa kadhi. Tukamfuata shahidi mmoja Nizwa, tukakuta amefariki na watu wako azaa, kwenye matanga yake. Ndipo tuliposikia yuko bi mkubwa mmoja anayeishi Sur, ambaye nyumbani kwao mjini Unguja ndiko mashindano ya Idi yalikokuwa yakichezwa.

Nikaendesha tena. Njia nzima baba ananisimulia ushindi wa babu, farasi kafanya hivi, askari kapita pale, na mimi jua la huko Al Qabil njiani liko usoni na kichwa kinanigonga.

Bi mkubwa tulimkuta kitandani, mwili umekwisha lakini akili zake timamu.

"Shikamoo, Bi mkubwa," baba alisema.

"Marahaba. Mtoto wa nani weye?"

Baba akamtaja babu. Akacheka. "Yule aliyekuwa akigawa mchele wa kadi wakati wa vita, kila nyumba kwa kipimo chake!"

"Ndiye huyo. Alikuwa hafungiki, au siyo?"

"Nani wa kumfunga, yakhe? Miye ndiye niliyekuwa nikiwapelekea kahawa. Kila Idi mama yangu akimwambia baba yangu, leo mwachie ashinde, watoto wanataka wali. Wallahi, mji mzima ukimwachia. Wakiona wanamzidi, wanamtolea malkia wao bure, kisha wanajishika vichwa."

Baba akamsogelea. "Naye akijua?"

"Hata, maskini. Akirudi kwao kifua mbele."

Nilimkasirikia yule bi mkubwa, Mungu anisamehe. Umri wote ule amekaa nalo, leo ndiyo limemshinda kulimeza? Baba alimshukuru kwa adabu zake zote, akamwombea afya, akaniomba nimshike mkono anyanyuke.

Garini hakutaja farasi wala askari. Nilimwonea huruma, na kwa kuwa huruma kwangu hutoka na ukali, nikamkaripia: "Ijumaa waambie bi mkubwa kasahau. Khalas. Nani atakuja kumuuliza?"

"Nimetafuta shahidi," alisema. "Nimempata."

Ijumaa walikuja kama kawaida yao. Mzee aliyekuwa akidai baba yake ndiye wa kwanza akauliza shahidi kasemaje, na baba akawaeleza yote, mchele, malkia, na vichwa vilivyoshikwa. Mimi nilikuwa mlangoni na dele la kahawa, sijui niingie au nirudi jikoni. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejitayarisha kumfukuza yeyote atakayecheka.

Yule mzee akakohoa. "Basi sheikh, tumweke wa mwisho. Muhimu awemo."

"Hata wa mwisho hawezi," baba alisema.

"Kwa nini?"

"Wa mwisho ni mtu aliyefungwa. Mzee wangu huenda alikuwa hodari kuliko wote, huenda hajui kitu, hatutajua. Vita vizima hakuna hata mmoja aliyecheza naye."