Nusu ya Uvimbe wa Dada

Nafanya kazi maabara katika hospitali moja Kayanga, na sina mzaha na sampuli. Mtu akiniletea kikopo kisichoandikwa jina, namrudisha nacho. Ndiyo maana kosa nililomfanyia dada yangu bado linanichoma.

Dada ameolewa Chonyonyo. Uvimbe ulimtoka begani, mgumu, mwekundu wa kuiva, ukakua polepole kwa miaka mpaka akashindwa kubeba mkungu wa ndizi. Daktari wa upasuaji akautoa. Kwa utaratibu wa hospitali, nyama yote ilitakiwa iwekwe kwenye dawa ya kuhifadhi na kupelekwa Mwanza kupimwa. Lakini dada alinishika koti.

"Mdogo wangu, kitovu changu kimezikwa kibanjani kwa baba, kwenye migomba yake. Leo nyama yangu ikatupwe Mwanza na watu nisiowajua? Nipe nikaizike chini ya mgomba."

Nilimkatia nusu. Zaidi ya nusu, nikisema kweli. Nilijiambia kipande kidogo kinatosha.

Hakikutosha. Majibu yalisema ni uvimbe nadra wa ngozi, ila kwa darubini seli zake zinafanana na za aina mbili. Aina moja huondolewa pamoja na nyama kiasi inayoizunguka, mkono ukabaki. Nyingine ni katili, na mkono hutolewa wote kuanzia begani. Kuzitenganisha kulihitaji kipimo cha vinasaba, na kile kipande nilichokipeleka kilikuwa kimeishia chote kwenye vioo vya darubini. Daktari hakuzungukazunguka. "Nikikosa jibu ndani ya mwezi, nautoa mkono. Siwezi kubahatisha na maisha yake."

Nilipanda bodaboda siku hiyohiyo. Nilimkuta dada anamenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia kosa ni langu: nusu niliyompa ndiyo iliyokuwa inahitajika, na sasa lazima akatwe tena pembeni ya kovu, ambako uvimbe uliacha mizizi.

"Si mkafukue kile nilichozika!"

"Kimeshaoza, dada."

Akaweka kisu chini. Alinitazama vilevile alivyonitazama utotoni nilipovunja chungu cha mama. "Mnanikata kama mnapunguza migomba," akasema.

Sikujitetea. Nilimwambia siondoki mpaka akubali, na kweli sikuondoka. Nilimenya naye, nikala, nikaosha vyombo. Jioni ndipo aliposema, "Haya, kesho. Na safari hii usinipe hata nikikulilia."

Sikumpa. Kipande kizima nilikiweka kwenye dawa, nikaandika jina na saa, maana nyama ikikaa humo siku nyingi vinasaba huharibika. Alfajiri ya siku iliyofuata nilikuwa stendi na kichupa mkononi. Kondakta wa basi la Mwanza aliuliza kama nimebeba asali. Nikamwambia ni mkono wa dada yangu, na basi likichelewa, yeye atanitambua mimi ni nani. Akaacha utani, akakiweka kichupa mbele karibu na dereva. Mwanza wakakigandisha kipande kwenye nta, wakakituma Dar es Salaam kwenye mashine ya vinasaba. Nilipiga simu kila siku, mpaka mhudumu wa mapokezi kule Dar akawa anaguna kabla sijamaliza salamu. Agune tu, mimi nilipiga.

Jibu lilifika siku mbili kabla ya upasuaji. Dada alikuwa tayari amelazwa. Nilimsomea kitandani: vinasaba viwili vimehama mahali pake na kuungana, na hiyo ndiyo alama ya ile aina ya kwanza. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Kiswahili cha hospitali sikiwezi," akasema. "Niambie kwa lugha ya nyumbani."

Kwa Kinyambo sina neno la vinasaba. Nikakunja karatasi, nikamwambia mkono ni wake.

 Aliushika kwa ule mwingine, akaukumbatia kifuani, na aliyelia ni mimi.