Mwanamke wa Mbele Kwenye Batiki ya Shangazi

Wiki iliyopita nilishuka basi Omurushaka, na katika duka moja karibu na stendi nikaona batiki zimetundikwa: twiga, twiga, twiga, na jua jekundu. Zimepigwa chapa kiwandani, zote sawa. Nilizitazama mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Siumwi, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi Nyabiyonza, uani kwa shangazi, nikiwa na miaka kumi.

Shangazi alijifunza batiki kwa masista. Nta aliiyeyusha na vipande vya mishumaa kwenye sufuria lililokwisha kazi ya kupikia, na harufu yake ilichanganyika na ya kahawa iliyoanikwa mikekani. Yeye alipaka watu, mimi majani ya migomba. Pale nta ilipopita, rangi haikuingia. Pasipo na nta, rangi ilimeza kila kitu.

Mwaka ule kanisani walimwomba kitambaa cha kutundika ukutani. Akachora alichokijua: akina mama wakienda msibani na mikungu ya ndizi kichwani, maana kwetu hakuna aliyekwenda kwa mfiwa mikono mitupu. Mbele kabisa alimweka jirani yetu, mama aliyetoka Burundi, aliyeishi kwa kulima mashamba ya watu.

Kabla ya rangi ya mwisho, ile nyeusi, wakaja wanakwaya wawili kuangalia. Walisifu sana. Kisha mmoja akasema, "Lakini huyu wa mbele si wa hapa. Muache bila nta tu, rangi itamfunika. Nani atajua?"

Bibi alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Akaweka kisu chini. "Siku tulipomzika mume wangu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nani alifika wa kwanza na mkungu?"

Shangazi hakubishana. Alichovya brashi, akaanza kumpaka jirani nta kuanzia kilemba. Tone moja likamuunguza kidole gumba, hakuacha. Akanisukumia brashi ya pili. "Wewe paka miguu. Paka mara mbili. Wasipokitaka, kitakaa kwangu."

Na kweli hawakukitaka. Kilitundikwa sebuleni kwetu. Jirani alipokuja, akamwamkia bibi, akakisogelea, akajigusa pale kitambaani.

"Ndimi huyu?"

"Ndiwe," bibi akasema. "Kaa tule."

Tukala ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, na jirani hakuacha kugeuka kutazama ukutani. Miezi ikapita, ndipo katekista akaja mwenyewe, kofia mkononi, kukiomba, na shangazi akampa.

Kanisa lile limebomolewa likajengwa jipya, na hakuna anayejua kitambaa kilikoishia. Bibi na shangazi wamelala shambani, chini ya migomba. Siku hizi msibani watu hukodi turubai na mpishi, na mikungu ya kichwani siioni tena.

Nimenunua kitambaa cheupe cha pamba na nta. Akina mama wote nimeshawachora, isipokuwa wa mbele, maana sura yake imenitoka. Nasikia binti yake ameolewa Mabira, na watu husema wamefanana kabisa. Kesho napanda bodaboda kumtafuta. Nitamwomba akae mbele yangu, na sitaondoka kabla sijamaliza.