Mtu wa Kuniwekea Dawa

Kwenye kliniki yangu ya meno Kitale nina sharti moja linalowaudhi watu. Ukitolewa jino kwa shida, ukahitaji vile vidonge vikali, hukabidhiwi wewe. Anakabidhiwa mtu wako, akuwekee, akupe kimoja kimoja. Vidonge hivyo vinatuliza maumivu, lakini vinatuliza na mengine, na nimeshaombwa kung'oa jino zima kabisa na mtu aliyetaka tu kuandikiwa tena.

Aliyeniomba alikuwa mama mmoja mjane. Jino lake la kwanza lilikuwa bovu kweli, nikamlegezea sharti, nikampa vidonge mkononi. Haikupita muda akarudi akidai la pili linamuua. Nililigonga kwa mpini wa kioo cha kukagulia, nikaona halina neno. Nikagonga la jirani yake, akasema na hilo pia. Nikamrudisha nyumbani bila dawa, naye akaondoka bila kuniaga.

Safari ya tatu gego lilikuwa limevunjika kweli, mzizi umebaki ndani ya fizi. Nikamwambia aje na mtu wake. Akaja na mwanamume aliyevaa koti zito la bodaboda.

"Huyu ni nani wako, mama?"

Kabla hajajibu, yule akadakia. "Mimi ni mkwe wake, daktari. Si nimeoa kwake."

Nilipomaliza kazi, mkwe akamshika mama mkono kumteremsha kitini, akamfuta mate kidevuni kwa leso yake. Mama alijikunyata mpaka ukutani. Mimi ni wa Kabuchai, kama mama. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata mkono wa salamu hampi, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Bwana yule alikuwa mtu wa kuja, hakujua amejifanya jamaa wa aina gani.

Nikamtazama tu. Akakuna kichwa.

"Daktari, mimi ni wa boda, bana. Alinichukua pale steji, ati niseme mimi ni mtu wake."

Hasira zangu ziko karibu, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mama, pamba bado imejaa shavuni, akasema polepole, "Sasa mtu ningemtoa wapi?" Akaisogeza pamba kwa ulimi. "Hizo dawa si za jino. Nikimeza, sisikii vile hakuna mtu kwa nyumba."

Nilimpa dawa za kawaida, nikamwambia zile kali, tena chache, zitakaa kwangu, awe anakuja asubuhi kuchukua kimoja. Akaja. Vidonge vikaisha, akaendelea kuja. Kidonda kilipona, fizi ikafunga vizuri, na bado nilimkuta kwenye benchi, akinifungulia kinywa nikague kwa heshima tu. Nilikagua. Sikumwambia kwamba siku asipokuja, saa ya chai ilikuwa ndefu kwangu pia.

Mwaka huu gego langu la mwisho likanigeukia mimi. Huwezi kujing'oa, kwa hiyo nikaenda Bungoma kwa rafiki niliyesoma naye. Alihangaika nalo, akalitoa vipande vipande. Lile sharti tuliliweka pamoja tulipoanza kazi, na sikulikumbuka mpaka aliponiuliza akivua glavu, "Daktari, umekuja na nani?"

"Hata mimi naulizwa?"

"Wewe hasa. Si sisi ndio tunashika ufunguo wa kabati la dawa?"

Nilianza kutafuta wa kumtaja. Wazazi wamelala Kabuchai na nyumba yao ina kufuli. Ndugu zangu wako mbali, tunasalimiana kwa simu sikukuu zikifika. Nilikaribia kabisa kumtaja dereva wa teksi aliyekuwa akiningoja nje, nimwite shemeji.

"Sina," nikasema. Fizi ilikuwa bado na ganzi. Neno hilo ndilo lililouma.

Akanipa zile za kawaida tu. Njia nzima ya kurudi Kitale ganzi ilikuwa ikiniacha na taya likipwita, na sikuwa nawaza taya. Nilikuwa nawaza ufunguo wa kabati la kliniki uliokuwa ndani ya mkoba wangu, na nyumba niliyokuwa naiendea, ambayo haina hata wa kuniuliza nimechelewa wapi. Niliogopa. Nikamwambia dereva apite kliniki bila kusimama.

Asubuhi nilimkuta mama kwenye benchi. Aliangalia shavu langu lililovimba, akainuka.

"Nani amekuwekea dawa?"

Nikampa pakiti niliyotoka nayo Bungoma. Akaisoma akiwa ameisogeza mbali na macho, akatoa kidonge kimoja, pakiti akaitia kwenye mkoba wake, akaenda kuniletea maji. Nilipomeza, akanionyesha kiti cha wagonjwa. Nikakaa.

"Haya, fungua nione," akasema.

Nikafungua.