Sauti Niliyotaka Ibaki

Uvimbe ulianza mdogo kama njegere, chini ya koo. Nikimeza mate mbele ya kioo niliuona ukipanda na kushuka. Nikaanza kujifunga skafu. Makambako kuna upepo na vumbi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Ulipofikia ukubwa wa yai nikawa nakabwa kila nikilala chali, na hapo ndipo nilipopanda gari kwenda hospitali Njombe.

Daktari alikuwa mama mpole mwenye vidole vya baridi. Alinipapasa shingo, akanitaka nimeze, akapapasa tena.

"Ni rovu," alisema. "Tutalitoa. Ila nikwambie ukweli, mama. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umepita nyuma yake hapo hapo. Tutakuwa waangalifu, lakini wapo wanaoamka sauti imekauka. Wengine inarudi, wengine hairudi."

"Daktari, mimi ni mwimbaji."

"Unaimba wapi?"

"Kanisani."

Aliandika tarehe kwenye faili langu. Kisha akasema tusichelewe, kwa sababu lilikuwa limeanza kusukuma njia ya hewa.

Nilirudi Makambako siku hiyo hiyo. Tangu nikiwa msichana mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo kwenye kwaya yetu. Mahubiri yalikuwa yananisinzisha. Sala ndefu za mchungaji nilikuwa nazipitisha tu nikingoja zamu yetu. Mungu nilimsikia karibu pale nilipofungua kinywa na kanisa zima likanyamaza. Sasa, kila nikiamka, kabla hata ya kunawa uso, nilijaribu sauti kwa chini chini. Ikitoka, napumua. Halafu nafikiri kwamba kesho kutwa huenda isitoke, najaribu tena.

Niliomba sana siku zile, lakini maombi yangu yalikuwa ya masharti. Bwana, niachie sauti, nami nitakuimbia hadi nizeeke. Ukiichukua, nitakuabudu kwa nini? Nilisema hivyo kweli, kwa hasira ya woga, nikiwa nachambua maharage jikoni.

Mama alikuja kutoka kijijini kunisindikiza. Tulilazwa, maana naye alilala hapo hapo, kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Asubuhi ya upasuaji ukungu ulikuwa umefunika madirisha yote, hata mikaratusi ya nje haikuonekana. Nilikuwa nimeshavaa gauni la kijani.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa Kibena, kama vile ndiyo kwanza tunakutana. "Umeomba?"

"Nimeomba aniachie sauti."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine, Mama. Asiponiachia sauti, mimi kanisani nitakwenda kufanya nini?"

Alinivutia blanketi hadi mabegani.

"Mwaka ule baridi ya jalidi ilipochoma viazi vyote," alisema, "baba yako aligoma kwenda kanisani siku ya mavuno. Alisema hawezi kusimama mbele ya Mungu bila debe la viazi. Mimi nilikwenda mikono mitupu. Watu wakapanga mstari na mahindi yao na kuku wao, nami nikapanga. Niliogopa, mwanangu. Nilipofika mbele sikuwa na cha kuweka. Nikainama tu, nikarudi kukaa."

"Mungu akakufanyia nini?"

"Hakunifanyia kitu. Mwaka uliofuata jalidi ikarudi." Akanitazama. "Mungu alisema tuje. Hakusema tuje tukiwa na kile tunachopenda kubeba."

Nilitaka maneno hayo yaniondolee hofu. Hayakuniondolea. Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu, na kwenye korido nilitaka kuomba tena kwa masharti yangu, nikashindwa. Nilijua kwamba nikisema "upendavyo wewe," huenda akapenda nisichopenda. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kisu. Mlangoni nikalisema hata hivyo, kwa kunong'ona, na sikujisikia mtakatifu. Nilijisikia kama mtu anayeachia kamba juu ya korongo.

Niliamka koo likiwaka. Daktari alisimama kando ya kitanda.

"Taja jina lako."

Nilifungua kinywa. Ikatoka pumzi, na ndani yake mkwaruzo, kama ufagio wa chelewa sakafuni. Mama aliushika mguu wangu juu ya blanketi, akaubana.

Miezi imepita. Sauti ya kuongea imerudi, nzito, yenye ukungu. Ya kuimba haikurudi. Jumapili ya kwanza niliyorejea kanisani nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango ili niweze kutoroka. Kwaya ilipoanza, dada mwingine akiwa mahali pangu, niliutazama mlango. Tukaambiwa tusimame tuungame dhambi. Nikasimama. Maneno yale yale niliyokuwa nikiyapitisha bila kusikiliza, safari hii niliyasema moja moja kwa sauti yangu mbovu, na bibi aliyekuwa kando yangu akageuka kunitazama. Nikaendelea hadi mwisho. Sikutoroka.

Jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge karibu na stendi, aliniona nikipita Jumapili iliyofuata.

"Shoga, unakwenda? Si ulisema huimbi tena?"

"Siimbi."

"Sasa wanakupa kazi gani huko?"

"Hawajanipa kazi. Nasimama wakisimama, nainama wakiinama."

Alicheka kidogo, akasema hata kwao msikitini ndivyo wanavyofanya. Kisha akaniuliza kwa upole kama bado naogopa. Nilimwambia ukweli: kila nikivuka kile kizingiti cha kanisa, miguu inakuwa mizito, kwa sababu sijui Mungu ataniomba nini kingine. Akanirekebishia skafu shingoni, pale kovu lilipochungulia, akaniambia niwahi.